Mvinyo wa nchi ya baridi katika joto la Nyali: shajara ya mradi

Januari

Mwenye mkahawa ameridhia, kwa hiyo kazi imeanza. Tunataka kuuza kwa glasi mvinyo mwekundu wa nchi ya baridi, uliotoka kwenye shamba la biodinamiki (kilimo kinacholiona shamba kama mwili mmoja ulio hai, nitakieleza mwezi wa Juni), na umfikie mgeni ukiwa na uhai wake wote. Hapa hapa Nyali, Mombasa, karibu na bahari, kaskazi ikiwa imekolea. Nitaandika kila hatua yenye maana, ili wenzangu wa baa na wa jikoni waifuate, na mwenye mkahawa au hoteli nyingine ya Pwani anayewaza jambo kama hili apate pa kuanzia.

Orodha yetu ya sasa imejaa mivinyo myekundu mizito ya nchi za jua kali, yenye kileo cha asilimia 14 na kupanda, na tanini nyingi, ule ukakasi unaokausha mdomo. Si mibaya, ila haipatani na hewa yetu wala na chakula chetu. Tena tunaileta mezani kwa "joto la chumba", ushauri uliotolewa Ulaya zamani, nyumba za mawe zilipokuwa na nyuzi 16 au 17 ndani. Jana saa nane mchana kipimajoto cha ukumbi wetu kilisoma nyuzi 31. Saa nne usiku kilisoma 28. Mvinyo mwekundu ukifika nyuzi 28, kileo hutangulia puani, tunda hunukia kama jemu iliyopikwa, na ule uchachu unaoufanya mdomo utake funda jingine hufifia. Wageni huomba barafu, na siwezi kuwalaumu. Mtu anatafuta ubaridi ambao sisi tumeshindwa kumpa.

Tumechagua Pinot Noir. Zabibu hii ina ganda jembamba, kwa hiyo rangi yake si nzito na tanini zake ni chache, na uchachu wake husimama wima. Mvinyo wa namna hiyo unakubali kunywewa kwa nyuzi 13 au 14 bila kukaza ulimi. Mvinyo wenye tanini nyingi ukiupoza kiasi hicho unakuwa mchungu na mkavu.

Kwao Pinot Noir ni Burgundy, Ufaransa, na huko yapo mashamba yenye majina makubwa yaliyoingia kwenye biodinamiki: Domaine Leroy tangu 1988, na Domaine de la Romanée-Conti kwa shamba lake lote tangu 2007. Bei zake haziuziki kwa glasi Mombasa. Karibu nasi kuna Hemel-en-Aarde, Afrika Kusini, bonde linalopata upepo wa bahari, nalo tumeliweka akiba. Kura imeangukia Central Otago, kusini mwa New Zealand. Eneo hilo lina mashamba kadhaa yenye cheti cha biodinamiki, na chupa zake nyingi zina kifuniko cha kuzungusha badala ya kizibo. Habari ya kifuniko nitaieleza tukifika kwenye usafiri.

Februari

Wahudumu wameniuliza swali linalostahili jibu refu: baridi inafanya nini kwenye zabibu?

Tunda likiiva, sukari hupanda na asidi hushuka. Moja ya asidi hizo, ile ya maliki, iliyo pia kwenye tufaha bichi, huchomwa na tunda lenyewe linapopumua, na joto likizidi huchomwa haraka zaidi. Mahali penye usiku wa joto, sukari hufika kabla harufu hazijakomaa, na asidi imekwisha kwenda zake. Mkulima huvuna mapema apate mvinyo mbichi, au asubiri apate mvinyo mzito uliolala.

Central Otago iko kwenye latitudo ya 45 kusini, mabonde yaliyozungukwa na milima inayozuia mvua ya magharibi. Ni eneo kavu kuliko mengine yote New Zealand. Mji wa Alexandra hupata chini ya milimita 400 za mvua kwa mwaka, wakati Mombasa hupata karibu 1,000. Mchana wa kiangazi jua lao linaweza kufika nyuzi 30, sawa na letu, lakini usiku hushuka hadi nyuzi 10 na pengine chini ya hapo. Mchana majani hulipikia tunda sukari, usiku tunda hulinda asidi yake. Mavuno huanza mwishoni mwa Machi na kuendelea Aprili, wakati sisi tunangoja masika.

Adui wao ni jalidi, hasa majira ya kuchipua, kuanzia Septemba. Usiku mmoja wa chini ya sifuri unaweza kuua machipukizi yote. Mkulima huwasha mapanga makubwa ya upepo, au hunyunyizia maji yagande juu ya chipukizi na kulikinga, au hukodi helikopta irukeruke juu ya shamba kuisukuma chini hewa ya juu iliyo na joto kidogo. Kijana wetu wa baa aliposikia habari ya helikopta alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana bei iko hivi." Ndiyo. Sehemu ya bei ni hiyo, nami nataka kila mhudumu aweze kuieleza hivyo, maana mgeni akijua analipia nini halalamiki.

Nimewapa na mfano wa jirani. Dodoma iko juu, mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari, lakini haina majira ya baridi ya kuulaza mzabibu. Mkulima wa kule hupogoa ili kuulazimisha upumzike, na huvuna mara mbili kwa mwaka. Mzabibu wa Otago huvunwa mara moja, kisha hulala kwenye theluji. Mvinyo wa Dodoma una sifa zake na ningependa siku moja tuuweke kwenye orodha kwa heshima yake. Lakini wepesi na uchachu tunaoutafuta sasa unatokana na usiku wa baridi, na usiku wa baridi haununuliki.

Historia nimeipitia kwa kifupi tu. Wachimba dhahabu walimiminika Otago miaka ya 1860, Mfaransa Jean Désiré Feraud akapanda mizabibu Clyde mwaka 1864, kisha jambo likazimika kwa karibu karne nzima. Pinot Noir ya kwanza ya kibiashara ya eneo lile ni ya mavuno ya 1987.

Machi

Hii ndiyo sehemu ngumu, na ndiyo roho ya mradi: chumba.

Tumepewa ghala la nyuma, lenye kuta nene za matumbawe, lililokuwa la kreti za soda. Nilimwita fundi anayejenga vyumba baridi vya samaki, si fundi wa viyoyozi vya ofisi, na ushauri wangu kwa mwingine ni kufanya hivyo hivyo. Kiyoyozi cha kawaida hukomea nyuzi 16, na ukikilazimisha kwenda chini, koili hushika barafu. Fundi aliingia, akagonga ukuta kwa ngumi, akaniuliza nataka nyuzi ngapi. Nikamwambia 13.

"Bosi, cha samaki nakishusha mpaka kasoro 18," akasema. "Hiyo 13 ni kazi ndogo. Kazi kubwa hapa ni maji."

Maji aliyoyasema ni unyevu wa hewa. Mwezi wa Machi hewa ya Mombasa hugeuka umande ikikutana na kitu chochote chenye nyuzi 24 au chini yake. Kwa hiyo kila kilicho cha nyuzi 13 hutoka jasho: ukuta, bomba, kitasa cha mlango, chupa. Jasho hilo likipata njia ya kuingia ndani ya ubao wa kukinga joto, ubao hulowa na huacha kukinga, na baada ya msimu mmoja nyuma yake kuna ukungu mweusi. Miongozo ya vyumba vya mvinyo niliyoisoma imeandikwa kwa nchi ambazo joto liko ndani ya nyumba na baridi iko nje. Karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu huwekwa upande wa joto. Hapa upande wa joto ni wa nje, daima, mwaka mzima. Kwa hiyo mpangilio wetu ni ukuta wa matumbawe, nailoni, kisha ubao, kisha ngozi ya ndani. Fundi alijua hili kwa mikono yake bila kitabu. Kila kiungo cha nailoni alikipishanisha kwa upana wa kiganja, akakibandika, kisha akapitisha kidole gumba mstari mzima polepole akitafuta pa kuingia upepo. Alipofika kwenye fremu ya mlango alibandua alichobandika akaanza upya, ingawa kwa macho yangu kilikuwa sawa. Mlango ndiyo kwanza huvuja, alisema.

Mashine ya kupoza ni ndogo, yenye feni ya polepole. Tunalenga unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Chini ya hapo vizibo vya chupa nyingine hukauka, juu ya hapo lebo huota ukungu. Kondensa, sehemu ya mashine inayotoa joto nje, tumeifunga upande wa ukuta usiotazama bahari, maana upepo wa chumvi hula mapezi ya alumini. Kila wiki inaoshwa kwa maji matamu ya kununua. Maji ya kisima chetu yana chumvi, na kuoshea kondensa maji ya chumvi ni kuharakisha kile kile tunachokimbia.

Umeme hukatika. Jenereta ya mkahawa ina mzigo wa kutosha wa jikoni na friji za nyama, kwa hiyo tumepanga mitungi ya lita 20 iliyojaa maji chini ya rafu zote. Maji hupoa taratibu na kupata joto taratibu. Tulizima mashine makusudi kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, jua likiwa kali nje, na chumba kilipanda kutoka 13 hadi 15 tu. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Fundi alikuwa na mbao za kukinga alizozitoa kwenye chumba cha samaki cha zamani, kwa nusu ya bei. Tulizikataa. Mvinyo hauvumilii jirani mwenye harufu.

Aprili

Usafiri. Makasha hushuka bandari ya Kilindini, karibu na tulipo, lakini waagizaji wengi wako Nairobi, kwa hiyo mvinyo hupanda bara kisha hurudi Pwani. Ndivyo biashara ilivyo kwa sasa.

Kasha kavu la kawaida likipigwa na jua sitahani au kwenye yadi, hewa ya ndani inaweza kupita nyuzi 50. Mvinyo hutanuka, husukuma kizibo, na ukirudi kupoa huvuta hewa ndani. Kuanzia hapo ni suala la muda tu. Msambazaji mmoja alituletea katoni za mfano, Pinot Noir ya nchi nyingine, na vizibo vilikuwa vimeinuka chini ya kofia zake. Ukipitisha kidole shingoni unahisi utelezi wa mvinyo uliokauka. Tulizirudisha zote.

Ndipo kifuniko cha kuzungusha kinapokuwa na faida na hasara yake. Faida ni kwamba hakisogei, hakikauki, na hakileti ile harufu ya gunia bovu ambayo vizibo huleta mara moja moja. Hasara ni kwamba chupa iliyopikwa haionyeshi dalili kwa nje. Kwa hiyo sharti letu kwa muuzaji tuliyekubaliana naye ni kasha lenye ubaridi kutoka New Zealand hadi ghalani kwake, na kifaa kidogo cha kurekodi joto ndani ya katoni kutoka Nairobi hadi kwetu. Lori liliondoka magharibi, likafika alfajiri. Kifaa kilionyesha nyuzi 22 kilipokuwa juu kabisa, tena kwa muda mfupi, lori lilipokwisha kuteremka nyanda za chini. Ninaweza kuishi na hiyo.

Kila chupa tuliikagua stempu ya ushuru kabla ya kutia sahihi. Sasa zimelala. Mvinyo uliotikiswa safari nzima hauonjwi siku ya kufika, na tutaungoja wiki kadhaa.

Mei

Masika ya nguvu. Barabara ya mbele imejaa maji na wageni ni wachache. Chumba kiko 13, unyevu 71. Kuna doa la ukungu kwenye kona moja ya rafu ya chini, tumelifuta kwa siki na kuisogeza rafu kutoka ukutani. Basi.

Juni

Kusi imekolea, na tumefanya mafunzo kuhusu biodinamiki. Nilitaka wahudumu waeleze jambo hili kwa ukweli wake wote, bila kuongeza uchawi na bila kulidharau.

Asili yake ni mihadhara ya Rudolf Steiner, mwanafalsafa wa Austria, Juni 1924, huko Koberwitz, kijiji ambacho leo kiko Poland. Wakulima walimwomba awaongoze, kwa kuwa waliona udongo na mbegu zao zinachoka. Aliwaambia walione shamba kama mwili mmoja ulio hai: mifugo, mboji, miti, wadudu na mazao vilishane humo humo, na vya kununua kutoka nje viwe vichache iwezekanavyo. Jina la Demeter, lililo kwenye cheti cha mashamba haya hadi leo, lilianza kutumika 1928.

Kisha kuna madawa yake maalumu, yenye namba. La 500 ni samadi ya ng'ombe inayojazwa kwenye pembe ya ng'ombe, ikazikwa kipindi cha baridi, ikafukuliwa majira ya kuchipua. Kiasi kidogo hukorogwa kwenye maji kwa saa nzima, mkono ukigeuza mwelekeo mara kwa mara, kisha hunyunyizwa ardhini. La 501 ni mawe ya kwazi yaliyosagwa, nayo ndani ya pembe, yakazikwa kiangazi, yakanyunyizwa kwenye majani. Namba 502 hadi 507 ni mimea, kama kamomili, upupu wa Ulaya na gome la mwaloni, inayotiwa kwenye mboji. Dhidi ya ukungu wa majani mkulima anaruhusiwa salfa na shaba, lakini Demeter huweka mpaka wa wastani wa kilo 3 za shaba kwa hekta kwa mwaka, kwa sababu shaba hubaki udongoni. Hali kavu ya Otago inampunguzia mkulima haja hiyo, na hii ni sababu nyingine ya kulipenda eneo lile.

Mhudumu mmoja, mwana wa mvuvi, aliuliza kuhusu mwezi. Ipo kalenda, iliyoenezwa na Mjerumani Maria Thun, inayogawa siku kuwa za mzizi, jani, ua na tunda kwa kufuata mwezi na nyota. Wapo wauza mvinyo wanaoamini kwamba siku ya tunda mvinyo hufunguka na siku ya mzizi hujifunga. Yule kijana aliona ni jambo la kawaida kabisa. Baba yake hupanga kazi yake kwa mwezi: bamvua maji hukupwa mbali, miamba hubaki wazi na pweza huonekana, maji mafu hukupwa kidogo tu, na safari ya mwambani haina faida. Nikamwambia baba yake yuko sahihi, na kila mtu anaweza kwenda ufukweni akaona. Hili la ladha, hata hivyo, limepimwa. Utafiti uliochapishwa 2017 uliwakalisha wataalamu 19 wa mvinyo wa New Zealand, wakaonja Pinot Noir 12 bila kuziona lebo, siku za tunda na siku za mzizi. Hawakuonyesha tofauti yoyote iliyofuata kalenda. Kwa hiyo hatutamwambia mgeni arudi Alhamisi kwa sababu mwezi umesema.

Na hizo pembe? Msimamo wangu nimewaeleza waziwazi. Sina ushahidi kwamba pembe yenyewe hubadili mvinyo. Jaribio moja la Califonia lililofuata vipande vya shamba moja la mizabibu, vya biodinamiki na vya kilimo hai cha kawaida, halikukuta tofauti ya ubora wa udongo ndani ya miaka sita ya kwanza. Ninachokiamini ni mkulima anayetembea shambani kila siku. Mtu anayekoroga maji saa nzima kwa mkono, anayefuga ng'ombe wake apate samadi, asiye na dawa kali ya kumwokoa dakika ya mwisho, hana budi kuliona jani likianza kuugua kabla ugonjwa haujaenea. Uangalifu huo nauonja kwenye glasi. Mhudumu akiulizwa, aseme hivyo: aeleze wanachofanya, aseme kipi kimethibitika na kipi ni imani ya mkulima, kisha ammiminie mgeni aamue mwenyewe.

Jambo la mwisho la mafunzo ni salfa, si ile ya shambani bali ile inayotiwa kwenye mvinyo usiharibike, maana wageni huiulizia. Sheria ya Umoja wa Ulaya inaruhusu miligramu 150 kwa lita kwenye mvinyo mwekundu mkavu wa kawaida, na 100 kwenye ule wa kilimo hai. Mashamba ya biodinamiki kwa kawaida hutia kidogo. Mvinyo wenye salfa kidogo unadhurika na joto upesi zaidi, na hapo ndipo wahudumu wote walipoelewa kwa nini nilipigania chumba.

Agosti

Hewa ya baridi kidogo, asubuhi nyuzi 21, na tumeonja na chakula. Nimeyangoja haya tangu Januari.

Mpishi wetu mkuu ni mama wa Kibokoni na hatumii kileo. Chupa haiingii jikoni kwake na hakuna tone linaloingia kwenye sufuria yake. Hilo tulikubaliana tangu mwanzo, na glasi za kuonjea zinaoshwa baa, si jikoni. Meza ya kuonjea tuliiweka barazani. Lakini hakuna aliyeusaidia mradi huu kuliko yeye. Sahani ya kwanza, samaki wa kupaka, ilirudi jikoni na taarifa yangu kwamba mvinyo umekuwa mkali kama ndimu. Akafuta mikono, akaja hadi mlangoni.

"Mwanangu, uchachu wake ni wa ndimu au wa ukwaju?"

"Si hivyo wala hivyo, Mama. Ni kama komamanga, na nyuma yake zambarau isiyoiva sawasawa."

Akafikiri. "Basi mmeshaleta uchachu wenu. Wangu wa nini?" Akarudi, akautoa ukwaju kwenye tui, akaacha kitunguu kiungue zaidi kidogo, akaongeza bizari nyembamba iliyokaangwa kavu. Sahani ya pili ilipofika na mvinyo ule ule, nazi ilishika katikati, moshi wa makaa ukakutana na ule unyevunyevu wa ardhi ulio kwenye Pinot Noir, na uchachu ukakata mafuta. Tulinyamaza mezani. Kichwa cha samaki aitwaye changu kilichojulikana kwangu tangu utoto kilikuwa na ladha nisiyopata kuijua.

Jodari wa makaa, kwa chumvi, pilipili manga na mafuta kidogo, ndiye bingwa wa wote. Nyama yake nyekundu inaukubali mvinyo mwekundu. Pweza wa kuchoma alifaa. Pweza wa kuchemsha hakufaa, ladha ya chuma ilijaa mdomoni. Jambo hili lina sababu: watafiti wa Kijapani walionyesha 2009 kwamba chuma kilichomo kwenye mvinyo ndicho kinachoamsha shombo ya vitu vya baharini, na kiasi chake hutofautiana kati ya mvinyo na mvinyo. Kwa hiyo kila mavuno mapya yataonjwa na pweza na kaa kabla ya kuandikwa kwenye orodha. Hatutadhani.

Bata wa nazi, aliyenunuliwa soko la Kongowea asubuhi hiyo, alipendwa na kila mtu. Biriani ya mbuzi ilishinda mvinyo kabisa, na kwa haki. Biriani iachiwe ukwaju na maji baridi. Pilipili nyingi huchochea kileo kikaunguza koo, hivyo mishikaki ya viungo vikali haimo. Viazi karai na chatne ya ukwaju, hapana.

Septemba

Glasi zimeanza kuuzwa. Taratibu tulizozishika ni hizi, kwa wanaouliza.

Chupa hutoka chumbani ikiwa 13 na kukaa kwenye ndoo yenye maji na barafu kidogo tu, si barafu tupu. Tunamimina mililita 100, si 150. Nimepima: kwenye baraza ya nyuzi 29, mvinyo uliomiminwa ukiwa 13 hufika 18 kwa dakika kumi hivi, kwa sababu umande unaotua kwenye glasi nao hutia joto. Mgeni aliyemiminiwa kidogo humaliza kabla mvinyo haujachoka, na wa pili hutoka ukiwa mbichi. Glasi hazipozwi kwenye friji, maana zikitoka huingia ukungu na rangi haionekani, nayo rangi hii, nyekundu inayopitisha mwanga, ni nusu ya furaha. Glasi hushikwa kwenye mguu. Chupa iliyofunguliwa hurudi chumbani imefungwa, na baada ya siku mbili haiuzwi kwa mgeni.

Wanaoagiza zaidi ni watu wa hapa hapa wanaokula jodari siku ya Ijumaa na Jumamosi usiku, kuliko watalii, ambao bado huomba bia baridi. Mgeni mmoja, mzee aliyestaafu kutoka bandarini, aliuliza kama tumeupika mvinyo huu na zambarau. Nilimpa kipande cha jodari na funda jingine, akaagiza chupa.

Bei ya glasi bado ni kubwa kuliko ninavyotaka. Njia ya kuishusha ni kununua pamoja. Nimezungumza na hoteli mbili za pwani ya kaskazini kuhusu kuagiza kasha dogo lenye ubaridi lishushwe Kilindini na libaki Mombasa, bila safari ya Nairobi. Moja imekubali kimsingi, nyingine inataka kwanza kukiona chumba. Fundi atakuja Jumatatu kuosha kondensa na kukagua mpira wa mlango, na nimemwomba awepo wanapotembelea, kwa sababu maswali yao mengi yatakuwa yake. Kaskazi itakaporudi Desemba nataka rafu za chini ziwe zimejaa, na mavuno ya Hemel-en-Aarde yawe yameonjwa na pweza.